Gari Lililosukumwa kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua imeanza, na wakili wangu amenikataza kuongea.

Si kuongea kabisa, amesema nisiongee habari za kesi. Sasa mimi nina habari gani nyingine? Tangu Oktoba kijiji kizima cha Salelavai hakizungumzi kingine ila mimi. Nikamwambia hivyo kwenye simu. Akajibu, "Alapati, mdomo ukikuwasha, andika." Ndiyo maana nimechukua daftari la hesabu la binamu yangu. Kurasa za mwanzo zina makosa yake, zinazofuata zina ukweli wangu.

Mimi ni Alapati, miaka kumi na tisa, mpigaji hodari kuliko wote wa mpira wa wavu upande huu wa kisiwa cha Savai'i. Shule niliiacha kidato cha pili, baada ya mimi na mwalimu wa sayansi kutofautiana kuhusu moto.

Kesi yenyewe ni hii. Lotomau, mwenye duka pale njia panda, alikuwa na pikapu nyekundu. Alikuwa anaiegesha juu ya mteremko, akitufukuza vijana tusiikalie jioni. Siku moja nikamwambia mbele ya watu, "Hili gari lako nitalisukuma baharini siku moja!" Maneno tu ya kijana. Wiki hiyo hiyo gari likaonekana baharini, pua chini, samaki wanaingia na kutoka dirishani kama wateja.

Mjomba Fuimalo, mkuu wa ukoo wetu, hakuniuliza hata neno moja. Siku ya tatu alinitoa kitandani kabla hakujapambazuka. Akachukua mkeka wa heshima wa ukoo, ule laini kama kitambaa, wenye manyoya mekundu pembeni, tukaenda kupiga magoti mbele ya nyumba ya Lotomau tukiwa tumejifunika huo mkeka vichwani. Hiyo ndiyo ifoga. Ukoo ukikosa, ukoo unainama, na aliyekosewa akishaufunua mkeka, yamekwisha. Atakayeyafukua, baraza la kijiji linamtoza nguruwe.

Lotomau akatoka, akafunua mkeka. "Nani amefanya?"

Mjomba akanifinya paja. Nami nikawaona mabinti wawili wa Lotomau wamesimama mlangoni wananitazama.

"Ni mimi," nikasema. Ingeishia hapo. Lakini mdomo huu! "Na nimetumia mkono mmoja tu."

Lotomau akapokea mkeka, akatupa kakao ya moto, tukarudi nyumbani tukiwa ndugu. Baada ya wiki mbili watu wa bima wakamwambia hawalipi chochote mpaka apatikane mtu wa kushtakiwa. Akaenda polisi na maneno yangu. Kwa hiyo kwa mila nimesamehewa, na kwa serikali ni mshtakiwa.

Nilifanya? Sikufanya! Usiku ule nilikuwa nimelala na tumbo lililojaa nyama ya kopo. Shahidi wangu ni Bibi, na yeye alikuwa amelala pia.

Ningecheka tu kama si New Zealand. Machi kundi letu la vijana linakwenda huko kuchuma matufaha, na jina langu limo. Lakini pasipoti yangu iko kwenye droo ya mahakama, na mwenye hatia hapandi ndege. Bibi ameshaliambia kanisa zima kwamba matufaha yangu yatatuletea paa jipya. La sasa linavuja. Ninavyoandika hivi kuna sufuria mbili sakafuni, moja inasema ting, nyingine tong.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Sufuria tatu.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo tumevuka kwa feri kwenda mahakamani Apia, Mjomba, mimi na shuka yangu nzuri ya kiunoni. Wakili wangu anaitwa Teuila Amosa. Ni mfupi, ana miwani, na anatembea kama mtu anayekimbilia feri hata akiwa ndani ya feri.

"Dada Teuila, leo tunashinda?" nikamuuliza.

"Mimi si dada yako, mimi ni wakili wako. Dada yako angekuwa amekuzaba kofi siku nyingi."

Kesi yenyewe bado haijaanza. Leo ilikuwa ni kugombania kama maneno yangu ya chini ya mkeka yaruhusiwe kuingia kwenye kesi au yaachwe nje. Hawana kingine. Hakuna aliyeniona, wala alama za vidole, maana bahari imeosha. Wana mdomo wangu tu.

Mwendesha mashtaka ni Bwana Iakopo, ana sauti ya besi ya kwaya. Akasimama. "Mheshimiwa Jaji, mshtakiwa alikiri kwa hiari, akaongeza na maelezo. Mtu ambaye hakufanya atajuaje ilitumika mikono mingapi?"

Wakili wangu akasimama. "Mheshimiwa, mtu aliyefanya angejua kwamba gari lile halisukumwi kwa mkono mmoja na binadamu yeyote."

Watu wakacheka. Mimi nikachukia. "Kwani mimi ni binadamu yeyote?" nikanong'ona. Akanikanyaga mguu, na kiatu chake kina kisigino.

Jaji Seuli ni mama mtaratibu, kalamu yake haina haraka. Akaandika, akaandika, halafu akasema maneno yale yanakubaliwa. Mtu mzima amesema ni yeye, hakupigwa, hakutishwa, na mahakama itayasikia. Kesi itaanza Machi.

Nje, chini ya baraza, maji yanamwagika kama pazia, nikauliza, "Basi nimekwisha?"

"Bado. Tunaomba majaji wa rufaa waangalie uamuzi huu kabla kesi haijaanza. Maneno yale yakishasikika kwenye kesi, hakuna wa kuyatoa masikioni mwa watu."

Nimeelewa vizuri sana. Ni kama mpira wa wavu. Ugomvi wa mstari uko wapi unaumaliza kabla ya kuanza kucheza.

Halafu Bwana Iakopo akatufuata, mpole kama mchungaji. "Kijana, kiri tu. Faini ndogo, na Krismasi unakula nyumbani."

Mjomba akatikisa kichwa, kuonyesha amekubali. "Sikiliza wakubwa. Kubali, tumalize aibu hii."

"Na ndege?" nikauliza.

Bwana Iakopo akaangalia mvua. Ndege haimo kwenye maneno yake.

"Sikiri," nikasema. Mjomba hakuniongelesha feri nzima. Nilimtazama pale alipokaa, mikono juu ya fimbo, nikajisemea kwamba huyu mzee ananitoa kama nguruwe wa sherehe ili jina lake libaki safi.

Jumanne, 10 Desemba

Mjomba bado amenuna. Mvua haijanuna, inaongea usiku kucha.

Alhamisi, 19 Desemba

Wakili amepiga simu. Majaji wa rufaa hawakai hapa, wanakuja kutoka ng'ambo msimu wao ukifika, na safari hii ni Februari. Watatu. Wanapanda ndege kuvuka bahari kwa ajili yangu mimi! Akasema hapana, wanakuja kwa kesi nyingi. Nikamwambia sawa, lakini yangu ndiyo nzuri.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nyama ya kopo, magimbi, nguruwe kutoka tanuri la mawe. Lotomau anaimba besi kwenye kwaya, amesimama bega kwa bega na Mjomba, wanashirikiana kitabu kimoja cha nyimbo. Baada ya ibada akanipa mkate mkubwa mtamu kutoka dukani kwake.

"Krismasi njema, mwanangu. Umekonda."

"Ni kesi yako inanikondesha, mzee."

"Pole sana," akasema, na macho yake yakanikwepa yakaenda kuangalia viatu vyake. "Pole sana, mwanangu. Kula mkate."

Nikala. Ulikuwa mtamu. Ni kazi kumchukia mtu anayeoka vizuri.

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya, tundu jipya, juu kabisa ya kitanda cha Bibi. Anasema halimsumbui. Amelala na beseni kifuani kama anakumbatia mtoto.

Jumatatu, 13 Januari

Nusura nijimalize leo.

Mvua ilipumzika, tukacheza mpira wa wavu kwenye matope. Vijana sasa wananiita Mkono Mmoja. Nikipiga mpira kwa mikono miwili wanapiga kelele, "Rufaa! Rufaa!" Na mimi, siwezi kusema uongo humu, ninafurahi. Nikawaambia kwamba majaji watatu wanavuka bahari kuja kunisikiliza, na kwamba jina langu litaandikwa kwenye vitabu vya sheria, watoto wao watalisoma shuleni.

Rafiki yangu Kalepo akasema, "Watalisoma kwenye orodha ya wafungwa."

Tulikuwa tunacheka hivyo mchezaji mmoja wa upande wa pili akaja na chupa ya maji, akanipa, akakaa. Ni Vaega. Ana shuti zuri. Akasema, "Lakini ndugu, wewe ni mwamba. Ulitumia mkono upi? Wa kulia au wa kushoto?"

Mdomo wangu ukafunguka. Naapa neno "kulia" lilikuwa limeshavaa shuka linatoka mlangoni. Kalepo akanipiga mpira wa uso.

Nimevimba pua. Nilitaka kumpiga, akaninong'oneza, "Mjinga wewe! Vaega ameanza kazi kituo cha polisi wiki iliyopita."

Nimempigia wakili kumweleza. Akasema, "Kuanzia leo ukiulizwa hata jina lako, piga mluzi."

Jumanne, 14 Januari

Napiga mluzi. Bibi anasema nitaita nyoka, na kisiwa hiki tulipo hata nyoka wa kuogopwa hakina.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua. Mvua. Kila kitu kinaota ukungu: Biblia, viatu, mkate. Sufuria zimekwisha, tunatumia vikombe.

Jumanne, 4 Februari

Leo ndiyo leo.

Majaji watatu, wote na mvi. Mmoja mrefu kama mnazi, anapoketi ni kama anakunjwa. Wa kati anafumba macho, nikadhani amelala, kumbe ndiye anayesikiliza kuliko wote. Wa tatu ni mama mwenye kikohozi, shali shingoni, anaandika kwa penseli. Nilijitayarisha kuulizwa maswali. Nilikuwa nimejifunza na tabasamu kwenye dirisha la feri. Hakuna aliyenitazama! Nimekaa nyuma kama mwavuli wa mtu. Kesi ya mwili wangu mwenyewe, na mwili wangu hautakiwi.

Bwana Iakopo akaanza kwa kuwaambia wasiingilie. Jaji wa chini ameshaamua, kesi iende mbele, na kama kuna kosa litarekebishwa mwishoni. Wakikimbilia juu kwa kila ugomvi wa ushahidi, hakuna kesi itakayokwisha.

Jaji mrefu akasema, "Kwa kawaida tungekubaliana na wewe. Kuna ushahidi gani mwingine?"

"Kwa sasa, Mheshimiwa, ndio huo."

"Huo tu?"

"Huo tu, Mheshimiwa. Lakini ni mzito."

"Mzito kuliko gari," akasema yule wa kati bila kufumbua macho.

Halafu mama mwenye shali akaweka penseli chini. "Nataka kujua kitu kimoja. Mtu akiwa chini ya mkeka ule, anaposema 'ni mimi', anasema kama nani?"

Bwana Iakopo akasema, "Kama yeye mwenyewe, Mheshimiwa. Ana mdomo mmoja."

Wakili wangu akasema, "Kama ukoo wake, Mheshimiwa. Mkeka mmoja, mdomo mmoja, lakini wanaoinama ni ukoo mzima."

"Mnanijibu ninyi," mama akasema. "Shahidi gani alimjibu Jaji Seuli?"

Mvua ikasikika juu ya bati. Bwana Iakopo akageuza karatasi, wakili wangu akageuza karatasi. Hakuna. Wote wawili ni watu wa hapa, jaji wa chini ni mtu wa hapa, kila mmoja alidhani kitu hiki kinajulikana, kwa hiyo hakuna aliyekisema. Imebidi mama aje kwa ndege kutoka ng'ambo aulize.

Nilimtazama Mjomba. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake akalisahau.

Jumanne, 11 Februari

Uamuzi umetoka. Tumeshinda! Halafu hatujashinda.

Majaji wa rufaa wamefuta uamuzi wa Jaji Seuli. Wamesema kwa kawaida hawapendi kuingia katikati ya kesi ambayo haijaanza, lakini hapa kesi yote imesimama juu ya maneno haya, na maneno yenyewe yalipimwa bila kujua mizani ni ipi. Basi hawakuyatupa nje. Wameyarudisha kwa jaji yule yule asikilize mashahidi kwanza, kuhusu maana ya kuinama chini ya mkeka kijijini kwetu, ndipo aamue upya.

"Sasa nimeshinda nini?" nikamuuliza wakili.

"Umeshinda nafasi ya kushinda. Niletee mkuu wa ukoo aje aseme. Mjomba wako."

Mjomba amekataa. Amesema, "Mkeka ukishafunuliwa, yaliyo chini yake hayasemwi. Mimi mwenyewe niliketi barazani tulipomtoza mtu nguruwe kwa kosa hilo. Leo nikafukue mimi?"

Kundi linaondoka tarehe 14 Machi. Nimelala njaa kwa hasira, halafu nikaamka nikala.

Jumapili, 16 Februari

Mvua imeingia kanisani. Mchungaji amehubiri juu ya Nuhu, watu wamemwangalia kwa wasiwasi.

Alhamisi, 20 Februari

Jua!

Kijiji kizima kimetoka kama kaa mashimoni. Kila uzio, kila jiwe, kila kamba ina godoro, nguo, Biblia iliyofunguliwa katikati. Nimetumwa dukani kwa Lotomau kununua chumvi. Mkewe Sulia alikuwa ameanika mikeka ya heshima juu ya mawe meusi nyuma ya duka, inanuka ukungu. Nikaona wetu, nikaujua kwa manyoya mekundu na kwa pale shangazi aliposhona kiraka. Nikausalimia.

Pembeni yake kulikuwa na mwingine. Na mwingine.

Huo wa pili unajulikana hata na mbwa. Ni wa ukoo wa Kalepo, una ukingo wa manjano, hutolewa kwenye misiba ya wakubwa tu. Wa tatu ni wa Shemasi Poasa, wenye alama ya kuungua kwa pasi. Sasa Lotomau hajafiwa, hajaoza binti. Mikeka ya namna hiyo imekuja kufanya nini kwake?

Nikamkimbilia Kalepo, nikamburuta hadi pale. Alipoiona akawa mweupe kama tui.

"Nani alikwambia?" akasema.

"Aniambie nini?"

"Kwamba tulipiga magoti."



Kumbe usiku ule Kalepo alirudi nyumbani kalowa chepechepe, alikuwa anavua pweza. Baba yake akaona maji, alfajiri akaona gari, akajumlisha. Kabla jua halijatoka wakawa chini ya mkeka, na Kalepo akasema "Ni mimi" maana alifinywa sikio. Na mtoto wa shemasi, Eneliko, ambaye hata mende hamuui, alisali jioni kwa sauti, "Bwana nisamehe kwa nililotenda." Alikuwa amekula mayai ya mchungaji. Shemasi hakungoja kusikia ni mayai.

Ndiyo hivyo. Asubuhi tatu mfululizo, koo tatu, kila mmoja gizani, kila mmoja kwa aibu yake, duka liko mbali na nyumba nyingine, na baada ya hapo hakuna aliyesema kwa sababu hayasemwi. Wakosaji watatu wamekiri, na gari ni moja.

"Na wewe," nikamwambia Kalepo, "umeniacha nishtakiwe mimi!"

"Wewe ulisema ulitumia mkono mmoja! Tukajua ni wewe kweli. Nani anajitungia kitu kama hicho?"

Nikapiga mluzi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwambia Mjomba. Alisikiliza akiwa amefumba macho kama yule jaji. Akasema bado hayasemwi.

Ndipo Bibi, aliyekuwa anamwaga maji ya vikombe, akaweka kikombe chini. Bibi ni mama yake Mjomba. "Fuimalo."

"Naam, mama."

"Ulimuuliza mtoto kama amefanya?"

"Hapana, mama."

"Basi hukuinama kwa kosa lake, uliinama kwa woga wako. Kesho wewe na Poasa na baba yake Kalepo mtaingia barazani mkajitoze hao nguruwe wenyewe, halafu mwende Apia mkaseme. Na ukirudi, ukanunue sufuria."

Mjomba ana miaka sitini na miwili. Akajibu, "Ndiyo, mama."

Jumamosi, 22 Februari

Baraza limekaa kutwa. Wamejitoza nguruwe watatu na wamewala papo hapo. Hukumu ya haraka kuliko zote nilizoona tangu niingie kwenye sheria.

Jumatatu, 3 Machi

Mahakamani tena. Mvua imerudi, lakini leo sikuisikia.

Mjomba akaapishwa. Wakili wangu akamuuliza, "Mshtakiwa aliposema 'ni mimi', nani alimwambia aseme?"

"Mimi. Nilimfinya."

"Wapi?"

"Pajani. Hapa." Akamwonyesha jaji.

Bwana Iakopo akasimama na besi yake. "Mzee, unawezaje kumpeleka mtoto akiri kitu usichojua kama amekifanya? Ulijua nini?"

Mjomba akafikiri. "Kuhusu gari sikujua kitu. Nilimjua yeye tu."

Watu wakacheka mpaka Jaji Seuli akagonga meza. Lakini Mjomba alikuwa hajamaliza. Alisema, "Mheshimiwa, mkuu wa ukoo akiinama haulizi kwanza. Anayeuliza kwanza anatafuta njia ya kutoinama. Ndivyo baba yangu alivyonifundisha. Safari hii niliinama haraka, nikamwacha mtoto chini ya mkeka peke yake. Kosa ni langu, si lake." Na akanitazama. Mdomo uliniwasha wote, nikauziba kwa kiganja, si kwa sababu ya wakili.

Halafu baba yake Kalepo. Halafu Shemasi, akiwa na Biblia yake mwenyewe, hakuiamini ya mahakama. Mwisho Jaji Seuli akaomba aitwe Lotomau.

"Ulipokea mikeka mingapi, Bwana Lotomau?"

"Mitatu, Mheshimiwa."

"Na magari yaliyozama yalikuwa mangapi?"

"Moja."

"Na hao wawili wengine, mbona hukuwapeleka polisi?"

Lotomau akapangusa jasho. "Wao... hawakusema mikono mingapi."

Jaji akaandika. Safari hii kalamu yake ilikuwa na haraka. Akasema mahakama sasa imesikia kile ambacho haikusikia Desemba. Maneno ya chini ya mkeka ni ya ukoo kuomba amani, na si ushahidi wa nani alifanya nini. Na ule mkono mmoja, akasema, ni majivuno ya kijana mbele ya wasichana, mahakama haikuzaliwa jana. Maneno yabaki nje.

Bwana Iakopo akakaa, akasimama, akasema hana ushahidi mwingine, anaondoa mashtaka.

Karani akafungua droo akanipa pasipoti. Ina ukungu kidogo.

"Dada Teuila," nikasema.

"Sema tu," akasema. "Leo unaruhusiwa."

Ajabu, sikuwa na la kusema.

Jumatano, 5 Machi

Lotomau amewaandikia watu wa bima kwamba hataki kitu tena kwao. Sulia kamwambia Bibi. Kijiji kinajiuliza kwa nini.

Jumapili, 9 Machi

Alfajiri, mvua kubwa, Bibi akaniamsha. "Kuna mtu nje."

Lotomau. Peke yake, amepiga magoti kwenye matope mbele ya nyumba yetu, amejifunika mkeka wenye manyoya mekundu. Mkeka wetu wenyewe umerudi kutuomba msamaha. Mingine miwili alikuwa ameshairudisha kwa wenyewe.

Sote tukasimama ukumbini. Kuufunua ni kazi ya mkuu wa ukoo. Mjomba akajifunga shuka vizuri, akapiga hatua, akasimama. Akaniambia, "Nenda wewe. Ni wewe uliyekosewa."

Nikaenda. Maji yalikuwa yananipiga mgongoni kama mchanga. Nilikuwa nimepanga maneno usiku mwingi ya kumwambia mzee huyu, na mengine yalikuwa mazuri sana. Nikainua pembe ya mkeka, nikaingiza kichwa ili anisikie.

Nilikuwa nimesahau palivyo mle ndani. Giza, harufu ya ukungu, pumzi ya mtu.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hakuna aliyelisukuma. Sikuvuta breki. Nilikuwa na mkate motoni nikateremka mbio. Nilikumbuka asubuhi ile ile. Nikataka kusema, wakaja wa kwanza na mkeka wao, nikaona aibu kuwaambia wamepiga magoti bure. Wakaja wa pili. Ulipokuja wewe na huo mkono wako nikataka kucheka, halafu watu wa bima wakaniuliza jina la mkosaji. Waambie. Una haki."

Nje mvua ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyesikia ila mimi.

Nikaufunua mkeka, nikamshika mkono, nikamwinua. Bibi akaleta kakao.

Ijumaa, 14 Machi

Uwanja wa ndege. Kundi zima tumevaa mashada ya maua, tunanuka kama harusi. Mjomba kanipa sala ndefu na, mwisho wa sala, kanifinya paja taratibu. Bibi kanipa kamba aliyopimia paa, niujue ukubwa wake huko kwenye matufaha.

Kalepo amenibebea begi hadi mlangoni. Hakuweza kuvumilia.

"Sasa unaondoka, niambie. Lotomau alikwambia nini chini ya mkeka?"

Wenzangu wote wakageuka. Hata Vaega, aliyekuja kumsindikiza mdogo wake, akasogea. Nimeota maisha yangu yote watu wanizunguke hivyo wakingoja neno langu.

"Majaji wamesema hayaruhusiwi kusikika," nikawaambia.

"Acha mchezo, Mkono Mmoja! Neno moja tu!"

Nikachukua begi langu, nikapiga mluzi, nikaingia. Mdomo haukuniwasha hata kidogo.